Kutabiri Madhara ya Kemikali kwa Samaki na Wanyama wa Mwituni

Kila mvua inyeshapo, maji yanayoteremka kutoka mashambani, barabarani na viwandani huingia mitoni, na hatimaye hufika maziwani na baharini. Maji hayo huchukua masalio ya dawa za kuua wadudu na magugu, mafuta, metali, na hata dawa za hospitali. Kemikali zinazotumiwa na binadamu ulimwenguni leo ni makumi ya maelfu. Kwa upande mwingine, Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa yana mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Ni dhahiri kwamba haiwezekani kuchukua kila kemikali na kuijaribu juu ya kila aina ya samaki, ndege na mnyama. Majaribio mengi hufanywa juu ya aina chache tu zilizozoeleka katika maabara, kama vile trauti, samaki wa maji baridi. Je, matokeo ya trauti yanaweza kutuambia lolote kuhusu sato au dagaa? Jibu ni kwamba yanaweza, lakini kwa masharti. Utabiri wa aina hii si kupiga ramli. Ni kazi ya kujibu maswali matatu kwa utaratibu: kemikali itaingia mwilini kwa kiasi gani? Ikishaingia itashika wapi? Na je, mwili unaweza kuivunja na kuitoa? Katika makala hii tutayachunguza maswali hayo moja baada ya jingine.

1. Kipimo cha msingi

Kabla ya kutabiri ni lazima tuwe na kipimo. Kipimo kinachotumika zaidi huitwa LC50. Hiki ni ukolezi wa kemikali katika maji ambao huua nusu ya wanyama wanaojaribiwa katika muda uliowekwa. Kwa samaki muda huo kwa kawaida ni saa 96.

Tuchukue mfano wa kubuni. Samaki 50 wamegawanywa katika matangi matano, kumi kumi, na kila tangi limetiwa ukolezi wake. Baada ya saa 96 matokeo yakawa hivi:

Mikrogramu 1 kwa lita: samaki 0 wamekufa
Mikrogramu 2 kwa lita: samaki 2
Mikrogramu 4 kwa lita: samaki 5
Mikrogramu 8 kwa lita: samaki 8
Mikrogramu 16 kwa lita: samaki 10

Hapa LC50 ni mikrogramu 4 kwa lita. Mwanafunzi azingatie kwamba kadiri namba hii ilivyo ndogo, ndivyo sumu ilivyo kali zaidi. Azingatie pia kwamba namba hii haimaanishi kuwa chini ya mikrogramu 4 ni salama, kwa maana hata kwenye mikrogramu 2 samaki wawili walikufa. Kwa sababu hiyo wanaoweka viwango vya usalama huigawanya namba ya maabara kwa 10, kwa 100, au hata kwa 1,000, kulingana na uchache wa habari walizo nazo. Kadiri tunavyojua machache, ndivyo inavyotupasa kuwa waangalifu zaidi.

2. Swali la kwanza: kemikali itaingia mwilini kwa kiasi gani?

Samaki hupumua kwa matamvua, yaani mashavu, ambamo damu na maji hutenganishwa na ngozi nyembamba mno. Kemikali inayopenda mafuta hupenya ngozi hiyo kwa urahisi, kisha hukaa katika mafuta ya mwili. Wanakemia hupima tabia hii kwa kutikisa kemikali pamoja na maji na kioevu kiitwacho oktanoli, ambacho kina tabia inayokaribiana na ya mafuta ya wanyama. Ukolezi katika oktanoli ukigawanywa kwa ukolezi katika maji, tunapata uwiano wa oktanoli na maji.

Mnamo mwaka 1982 Donald Mackay wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, alionyesha kwamba uwiano huu unatosha kukisia jinsi samaki atakavyojilimbikizia kemikali. Samaki mwenye mafuta asilimia 5 hivi ya uzito wake hulimbikiza takriban uwiano huo ukizidishwa kwa 0.05. Tufanye hesabu:

Dawa ya magugu iitwayo atrazini ina uwiano wa takriban 400. Hivyo 400 × 0.05 = 20. Ukolezi ndani ya samaki utakuwa mara 20 ya ule wa majini.

DDT ina uwiano wa zaidi ya 1,000,000. Hivyo 1,000,000 × 0.05 = 50,000. Ukolezi ndani ya samaki waweza kufika mara 50,000 ya ule wa majini, au zaidi.

Tazama jinsi jaribio la chupa moja linavyotuwezesha kutabiri, kabla hata samaki mmoja hajaguswa, kwamba DDT itakuwa tatizo kubwa la kulimbikizana kuliko atrazini.

Mambo hayaishii kwa samaki. Katika Ziwa Clear, jimbo la California nchini Marekani, dawa ya DDD, ambayo ni ndugu wa DDT, ilitiwa ziwani katika miaka ya 1949, 1954 na 1957 ili kuua visubi waliowasumbua watu. Ukolezi wa mara mbili za mwisho ulikuwa sehemu 0.02 tu katika milioni. Lakini planktoni walipopimwa walikuwa na sehemu 5 hivi katika milioni. Samaki waliowala walikuwa na kiasi kikubwa zaidi. Na katika mafuta ya vibisi, ndege wanaozamia samaki, zilipatikana sehemu 1,600 katika milioni. Hizo ni mara 80,000 ya ukolezi wa majini. Vibisi walikufa kwa wingi, na makundi yao, ambayo hapo awali yalikuwa na jozi zaidi ya 1,000 zilizotaga ziwani humo, yakabaki na jozi 30 hivi zisizopata makinda. Mtu aliyepima maji peke yake angesema ziwa lile lilikuwa safi.

3. Swali la pili: kemikali itashika wapi?

Kemikali nyingi zenye sumu hufanya kazi kama ufunguo unaoingia katika kufuli lisilo lake. Kufuli hilo huwa ni protini fulani ya mwilini: kimeng'enya, au kipokezi cha homoni. Ikiwa protini hiyo inafanana katika wanyama wengi, tunaweza kutabiri kwamba wote wamo hatarini. Siku hizi wataalamu hulinganisha kwa kompyuta mpangilio wa protini za aina mbalimbali za wanyama ili kutambua ni wapi wenye kufuli la namna moja.

Mfano bora unatoka Kanada. Homoni ya kutengenezwa iliyomo katika vidonge vya kupanga uzazi, ethinilestradioli, hupita mwilini mwa binadamu na kuingia katika maji machafu ya mijini. Kipokezi cha homoni ya kike kinafanana sana katika wanyama wote wenye uti wa mgongo. Basi ilitazamiwa kwamba samaki nao wataathirika. Ili kuthibitisha, watafiti wakiongozwa na Karen Kidd waliitia homoni hiyo katika ziwa dogo la utafiti huko Ontario kuanzia mwaka 2001 hadi 2003, kwa ukolezi wa nanogramu 5 hadi 6 kwa lita. Samaki madume wadogo wa aina ya Pimephales promelas walianza kutengeneza protini ya kiini cha yai, kazi ambayo ni ya majike. Uzazi ukavurugika, na idadi ya samaki hao ikaporomoka karibu na kutoweka. Homoni ilipoacha kutiwa, walirudi baada ya miaka michache.

Izingatiwe kwamba ukolezi ule haukuua samaki katika saa 96. Jaribio la LC50 lisingeonyesha hatari yoyote. Ni ujuzi wa mahali kemikali inaposhika uliowaelekeza watafiti wachunguze uzazi badala ya kuhesabu mizoga.

4. Swali la tatu: je, mwili unaweza kuivunja na kuitoa?

Wengi wa wasomaji wetu wanaufahamu utupa, mmea ambao majani yake yaliyotwangwa yametumika tangu zamani kulevya na kuua samaki mitoni. Ndani yake mna rotenoni, ambayo huzuia kazi ya mitokondria, sehemu za seli zinazotoa nguvu kwa kutumia oksijeni. Mitokondria za samaki na za binadamu zinafanana. Kwa swali la pili peke yake tungesema wote wataathirika sawasawa. Lakini samaki wengi hufa kwa mikrogramu chache tu kwa lita. Sababu ni kwamba kwa samaki rotenoni hupita katika matamvua na kuingia moja kwa moja katika damu. Kwa mnyama anayeila, tumbo hufyonza kidogo, na ini huvunja sehemu kubwa kabla haijasambaa. Hata hivyo haifai kudhani kwamba utupa hauna madhara kwa binadamu. Rotenoni ikiingia kwa wingi, au kwa njia ya pumzi, ni sumu. Uvuvi wa sumu ni haramu kisheria, na hasara zake ni kubwa: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba baadhi yao walivuliwa kwa dawa za kuua wadudu.

Mfano wa pili ni wa ndege. Dikilofenaki ni dawa ya maumivu ambayo ng'ombe huivumilia vyema. Katika nchi za Asia ya Kusini, tumbusi waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa hiyo walikufa kwa maradhi ya figo. Katika India tumbusi wa aina ya Gyps bengalensis walipungua kwa zaidi ya asilimia 99 kati ya mwaka 1992 na 2007. Chanzo kilitambuliwa kwa utafiti uliofanyika Pakistani na kutangazwa mwaka 2004, na mwaka 2006 serikali za India, Pakistani na Nepal zilipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo. Je, tumbusi wa Serengeti na Maasai Mara, Gyps africanus, ambao ni wa jenasi ile ile, wangeathirika pia? Utabiri ulikuwa kwamba wangeathirika, na majaribio yakauthibitisha. Majaribio hayo hayo yalionyesha kuwa dawa nyingine ya maumivu, meloksikamu, haiwadhuru. Hapa utabiri ulitoa onyo pamoja na njia ya kuepuka msiba.

5. Mipaka ya utabiri

Isidhaniwe kwamba undugu wa wanyama unatosha kila mara. Katika vijito vya jimbo la Washington, Marekani, samoni wa aina ya koho, Oncorhynchus kisutch, walikuwa wakifa kila mvua kubwa iliponyesha, kabla hawajataga. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba wamempata muuaji: kemikali inayotokana na kinga ya mpira wa matairi pale inapokutana na ozoni ya hewani. Kemikali hii, iitwayo 6PPD-kwinoni, huua nusu ya koho kwa ukolezi ulio chini ya mikrogramu 0.1 kwa lita. Lakini samoni wa aina ya chamu, Oncorhynchus keta, wa jenasi ile ile, huvumilia ukolezi ulio mkubwa zaidi kwa mara nyingi. Mtu aliyemjaribu chamu peke yake angeitangaza kemikali hiyo kuwa salama, na koho wangeendelea kufa.

Funzo hili linatuhusu. Furu wa Ziwa Victoria na samaki wa Tanganyika ni ndugu wa karibu, lakini hilo halituhakikishii kwamba kinachovumiliwa na mmoja kitavumiliwa na wote. Utabiri hutuonyesha wapi pa kutazama kwanza. Hauondoi wajibu wa kumchunguza samaki anayeishi katika maji yetu wenyewe.

Jaribio la darasani

Yeyusha punje ndogo ya iodini katika maji hadi yapate rangi ya manjano. Tia maji hayo katika neli ya majaribio, ongeza kiasi sawa cha mafuta ya taa yasiyo na rangi, ziba na utikise. Weka mbali na moto. Mafuta yatapanda juu yakiwa na rangi ya zambarau, na maji yatapauka. Iodini imehama kutoka majini kwenda katika mafuta, kama DDT inavyohamia katika mwili wa samaki.

Maswali

1. Kemikali ina uwiano wa oktanoli na maji wa 20,000. Katika mto kuna mikrogramu 0.1 kwa lita. Kisia ukolezi wake ndani ya samaki mwenye mafuta asilimia 5.

2. Kwa nini jaribio la LC50 peke yake lisingetosha kutabiri yaliyotokea katika ziwa la Ontario?

3. Taja kemikali tatu zinazotumika katika wilaya yako. Kwa kila moja eleza njia ambayo inaweza kufika majini, na ni mnyama gani ungemchunguza kwanza. Toa sababu.