Mhogo Mchungu katika Mapishi ya Amazon

Katika mji wa Belém nchini Brazili, karibu na mahali ambapo Mto Amazon huingia baharini, jioni huuzwa barabarani mchuzi wa moto uitwao tacacá. Hunywewa katika kibuyu kilichopasuliwa nusu. Ndani yake mna wanga mzito unaonata, kamba waliokaushwa, majani ya jambu yatiayo ulimi ganzi, na maji ya manjano yenye ukali wa kuchacha yaitwayo tucupi. Maji hayo, kabla ya kupikwa, yaweza kumwua mtu, kwani yamekamuliwa kutoka mhogo mchungu.

Ni vyema ieleweke kwanza kwamba mhogo ulio shambani hauna sumu iliyo tayari. Ndani ya seli zake mna linamarini, yaani kampaundi ambayo sayanaidi imefungamana ndani yake na sukari ya glukosi. Linamarini huhifadhiwa katika mfuko wa maji ulio ndani ya seli. Kimeng'enya kiwezacho kuivunja, yaani linamarase, kimo katika ukuta wa seli. Maadamu seli ni nzima, viwili hivyo havikutani. Lakini panya akiutafuna mhogo, au mtu akiukuna, seli hupasuka, kimeng'enya huivunja linamarini, na mwishowe hutoka haidrojeni sayanaidi. Sumu hii huchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi za Selsiasi, na kwa hiyo hupotea hewani upesi ikipata nafasi na joto.

Hapa mwanafunzi ajihadhari na kosa moja. Mhogo mchungu ukichemshwa mzima, joto huharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake. Linamarini yenyewe haiharibiwi na maji ya moto; sehemu yake kubwa hubaki katika mhogo, nayo huvunjwa baadaye na bakteria waliomo tumboni mwa mlaji. Wapishi wa Amazon hufuata njia iliyo kinyume cha hiyo: huiacha sumu itoke kwanza, kisha huifukuza.

Wabaniwa wa Mto Içana, kaskazini-magharibi mwa Brazili, hukuna mhogo kwa ubao uliopachikwa vipande vidogo vikali vya mawe. Kazi yake ni ile ya mbuzi ya kukunia nazi, ila hapa uzuri wa kukuna ndio unaoamua usalama wa chakula, kwani seli isiyopasuka hubaki na sumu yake. Machicha ya mhogo hutiwa katika tipiti, ambayo ni kifumbu kirefu kilichosukwa kwa mshazari. Tipiti ikijazwa hufupika na kunenepa. Hutundikwa, kisha ncha yake ya chini huvutwa kwa mti utumikao kama nyenzo. Inaporefuka hupungua unene, ujazo wake hupungua pia, na maji hayana budi kutoka.

Maji hayo huachwa yatulie, na wanga hushuka chini. Huo ndio wanga wa tacacá. Yaliyobaki juu huachwa yachache, kisha huchemshwa kwa muda mrefu hadi sayanaidi iondoke na mvuke. Hapo huwa tucupi, ambayo kwayo hupikwa pia bata wa sikukuu ya Oktoba mjini Belém. Machicha makavu huchekechwa na kukaangwa juu ya kikaango kipana, yakawa unga wa chengachenga uitwao farinha, au mkate bapa uitwao beiju.

Majani nayo hayaachwi. Maniçoba ni majani ya mhogo yaliyosagwa na kuchemshwa hata siku saba, kisha yakatiwa nyama ya nguruwe. Mpishi wa kisamvu atashangaa, naye ana haki ya kushangaa: majani yana kimeng'enya kingi, hivyo sumu nyingi hutoka wakati wa kutwanga na mwanzo wa kuchemsha. Siku zilizosalia ni tahadhari na ladha.

Kwa nini basi watu walime mhogo mchungu? Watukano wa bonde la Mto Vaupés wanayo mihogo mitamu, lakini huchagua ile michungu kwa mkate na unga. Sumu huilinda mizizi dhidi ya walaji wengi wa msituni. Aidha, chakula chao huandamana na samaki, na jambo hili si dogo. Mwili hubadilisha sayanaidi kuwa thiosayaneti isiyodhuru sana, kwa kutumia salfa itokayo katika protini. Aliyekosa protini hukosa kinga hiyo.

Mhogo ulifika Afrika mikononi mwa Wareno katika karne ya 16, bila tipiti. Waafrika walibuni njia zao: katika Kongo mizizi huloweka majini siku kadhaa hadi ikalainika, na bakteria husaidia kupasua seli. Njia hiyo ni nzuri, lakini yahitaji muda na maji. Wakati wa ukame, mhogo mchungu ndio unaosalia shambani, na wenye njaa hufupisha siku. Mwaka 1981, katika mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo, na kupooza kwake hakuponi. Katika miaka ya 1980 ulionekana pia wilayani Tarime, Tanzania. Kiwango cha usalama kilichowekwa kimataifa ni miligramu 10 za sayanaidi katika kilo moja ya unga wa mhogo.

Kwa darasa: Chukua mhogo mtamu tu, uukune, uukamue kwa kitambaa juu ya bakuli la kioo, na uache maji yatulie kwa saa moja. Mwaga maji ya juu polepole, yasionjwe. Dondoshea iodini kwenye tabaka jeupe lililobaki, kisha kwenye machicha. Linganisha rangi, na ueleze kwa nini machicha nayo hugeuka buluu nyeusi.