Nikipiga simu namkuta mteja ndani

*Nina ofisi ya hesabu za kodi Houston. Nikibonyeza 9 nipige nje, mara nyingine badala ya mlio nasikia "Haloo?" Ni mteja, na simu haijaita! Kuna mtu anatuingilia? – Mama N.*

Pole, Mama N. Hakuna mdukuzi hapo. Wewe na mteja mmegongana mlangoni tu.

Inaelekea laini zako ni za kawaida za waya wa shaba. Kwa laini hizo, swichibodi hujua kuna mgeni kwa mwito tu, na mwito wa Marekani hulia sekunde 2, hunyamaza 4. Kabla haujaanza, au katika kimya kile, swichibodi inaona laini tupu na kuikamata.

Dawa ya bure kwanza: ikiwa simu za wateja zinaingia kuanzia laini ya 1, mwambie fundi za kutoka zianzie laini ya mwisho. Usifungue kisanduku cha swichibodi mwenyewe. Mwito huja na volti 90 hivi, nao unauma.

Tatizo likiendelea, iulize kampuni ya simu kuhusu laini ya kuanzia ardhini: ikikuletea simu, hugusisha waya mmoja na ardhi papo hapo, swichibodi ikajua. Pande zote mbili, kampuni na swichibodi, lazima ziwekwe sawa, la sivyo huenda usipate hata mlio.

Dawa kubwa zaidi, laini ya kidijitali ya njia 24, ambapo 23 hubeba sauti na moja ishara, kwako ni basi zima kwa abiria wawili. Afadhali laini za intaneti. Ukihamia huko, hakikisha kwamba 911 inapigika bila ile 9. Sheria ya Marekani inadai hivyo kwa swichibodi zilizofungwa tangu Februari 2020.