Mtoto anapougua selimundu: mafunzo ya Biblia kwa familia na kanisa

Fikiria familia moja ya waumini. Mtoto wao wa miezi tisa amevimba mikono na miguu, na analia usiku kucha. Bibi anasema amelogwa. Jirani anasema wazazi wamficha dhambi fulani. Baba na mama wanafunga na kuomba. Siku ya tatu homa inapanda, nao wanaulizana: tukimpeleka hospitali, je, tutakuwa tumepungukiwa imani?

Selimundu ni nini?

Ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huzaliwa nao. Kwa kawaida chembe nyekundu za damu ni za duara. Kwa mgonjwa huyu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na kusababisha maumivu makali. Pia hufa mapema, hivyo mtoto hupungukiwa damu.

Ugonjwa huu hauambukizi. Mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi wenyewe ni wazima. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, katika kila mimba kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 kwamba mtoto atakuwa mgonjwa. Kwa hiyo si haki mume kumlaumu mke peke yake.

Soma Yohana 9:1–3

Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi. Yesu alikataa kumlaumu yeye wala wazazi wake. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa amekwisha kujiuliza maswali mengi usiku. Tusimwongezee mzigo.

Soma 1 Timotheo 5:23 na Marko 1:40–44

Paulo aliwaombea wagonjwa wengi. Hata hivyo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, wala hakumkemea kwa kukosa imani. Naye Yesu alipomtakasa mwenye ukoma, alimtuma kwa kuhani akachunguzwe.

Hapa kuna fundisho muhimu. Maumivu ya selimundu huja na kuondoka. Yakitulia baada ya maombi, tumshukuru Mungu, lakini mtoto asiachishwe dawa. Kuna watoto wanaopoteza maisha kwa sababu dawa zilisimamishwa mapema. Kuendelea na kliniki si kumkana Mungu.

Soma Marko 2:1–5

Watu wanne walimbeba rafiki yao hadi juu ya dari. Imani yao ilionekana kwa kazi waliyoifanya. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Kanisa linaweza kuchangia nauli, kulala na mama wodini, kuwatunza watoto waliobaki nyumbani, na kuchangia damu.

Mambo ya kukumbuka nyumbani

■ Homa ni dharura. Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

■ Mpeleke pia haraka akipumua kwa shida, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, au akilegea upande mmoja wa mwili.

■ Mpe maji ya kunywa mara kwa mara na umkinge na baridi.

■ Hakikisha anapata chanjo zote, na dawa ya penisilini kila siku kama alivyoelekezwa na mganga. Katika miaka mitano ya kwanza dawa hii humkinga na maambukizi hatari.

■ Muulize daktari kuhusu haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu.

■ Alale ndani ya chandarua chenye dawa, kwa maana malaria ni hatari sana kwake.

Maswali ya kujadili

■ Katika kijiji chetu watu husema nini kuhusu mtoto anayeugua mara kwa mara? Maneno hayo humsaidia au humwumiza mama yake?

■ Tumewahi kumwombea mgonjwa bila kumuuliza kama ana nauli ya kwenda hospitali?

■ Kipimo cha damu cha selimundu kinapatikana wapi karibu nasi? Je, tuwashauri vijana wanaotaka kuoana wapime?

■ Ni familia gani tutaitembelea wiki hii, na tutaenda na nini mkononi?

Malizeni kwa kuwaombea watoto wagonjwa, wazazi wao, na wauguzi wanaowahudumia. Kisha pangeni zamu ya kuwatembelea kabla hamjatawanyika.