Hazina za Vitabu Mitandaoni, na Haki Yake Juu Yetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Katika vita vya Yamama waliuawa masahaba wengi waliokuwa wameihifadhi Qur'ani vifuani mwao. Sayyidna Umar akaingiwa na khofu, akamwendea Sayyidna Abubakar na kumshauri kuwa Qur'ani ikusanywe pamoja kabla hawajaondoka waliobaki. Kazi hiyo akakabidhiwa Zaid bin Thabit. Naye aliikusanya kutoka wapi? Kutoka miti ya makuti ya mtende iliyoambuliwa majani, mawe meupe membamba, vipande vya ngozi, mifupa ya mabega ya wanyama, na vifua vya watu. Hakudharau kitu kwa unyonge wake, wala hakupokea kitu bila ya ushahidi.

Ndugu zetu, kanuni hizi mbili ndizo tunazozihitaji leo, kwani milango ya vitabu imefunguliwa kwetu kwa namna ambayo wazee wetu hawakuiota. Kijana wa Mji wa Kale, akiwa na simu mkononi, aweza kufungua vitabu ambavyo babu yake angalisafiri mpaka Makka au Misri kuvitafuta. Lakini vilivyomo humo si vya namna moja, na asiyejua kuvipambanua atapotea.

Namna ya kwanza ni picha za vitabu vya mkono. Maktaba ya Taifa ya Uingereza, iliyoko London, ina mpango wa kuhifadhi nyaraka zilizo khatarini, ulioanza mwaka 2004. Kwa mpango huo vitabu vya mkono vya Msikiti wa Riyadha wa Lamu vilipigwa picha, na asili yake ikabaki Lamu, kwa kuwa ni sharti ya mpango huo kuwa asili isitoke katika nchi yake. Chuo cha SOAS, huko huko London, kina tungo za Kiswahili kwa khati za Kiarabu, zikiwamo karatasi zilizokusanywa na Taylor na Hichens. Katika namna hii mtu huuona mkono wa mwandishi mwenyewe, na maelezo aliyoyaandika pambizoni.

Ya pili ni picha za vitabu vilivyopigwa chapa, ukurasa kwa ukurasa. Ya tatu ni maandishi yaliyochapwa upya kwa kompyuta, kama yaliyomo katika al-Maktaba al-Shamila, yenye maelfu ya vitabu vya tafsiri, hadithi, fiqhi na tarikh. Ya nne ni nyaraka: barua, hukumu, hati za wakfu na za mauzo, kama zilizomo katika Nyaraka za Taifa za Nairobi na za Zanzibar. Nyingi za hizo hazijatiwa mitandaoni, na azitakaye hana budi kuziendea. Ya tano ni magazeti, picha, ramani na sauti zilizorikodiwa.

Kila namna ina daraja yake katika ushahidi. Al-Shamila yafaa sana kwa kutafuta, kwani neno moja hupatikana kwa muda mfupi katika vitabu vingi. Lakini aliyechapa ni binadamu. Aliyeruka "la" amegeuza haramu kuwa halali, na aliyeruka mstari amemsingizia imamu asilolisema. Kwa hiyo, ukilipata neno humo, lirejee katika picha ya kitabu chenyewe, utazame ni chapa gani na ni nani aliyeihakiki. Vitabu vilivyoandikwa humo kuwa "muwafiq lil-matbu'" kurasa zake zafuata chapa ya karatasi, na kurejea huko ni rahisi. Mwenyezi Mungu, katika Suratul Hujurat aya ya 6, ametuamrisha kuihakikisha khabari kabla ya kuifanyia kazi. Basi itakuwaje fatwa iliyokatwa kipande na kurushwa kwenye simu, isiyo na jina la kitabu wala ukurasa?

Haya ni katika kupokea. Ama katika kutodharau, hapo ndipo penye aibu yetu.

Katika nyumba nyingi za mwambao mna kasha la marehemu babu: mna kitabu cha fiqhi alichokinakili kwa mkono wake, barua za biashara, hati ya shamba, daftari la ndoa na talaka. Watoto hawakuzijua khati hizo, basi zimekuwa chakula cha mchwa. Wengine huvificha wakichelea kuibiwa, wengine huviuza kwa mgeni kwa bei ya kilo ya nyama, wengine huvizika. Kisha shamba la wakfu likinyakuliwa, twakimbia mahakamani mikono mitupu! Qur'ani ndani yake mna aya iliyo ndefu kuliko zote, Suratul Baqara aya ya 282, nayo ni ya kuandikiana deni na kushuhudisha. Je, dini iliyoutukuza hivi wino yaridhia hati zetu ziozee kashani?

Na kuna ndugu zetu wengine, wa kundi letu hili la islahi, wakiona kitabu cha kale chenye jambo wasilolikubali, husema kichomwe. Twawaambia: kuhifadhi si kukubali. Maulamaa waliandika vitabu vizima vya hadithi za uwongo ili watu wazijue na wajihadhari nazo. Vipi utamjibu mtu ambaye maneno yake umeyateketeza? Na hicho kitabu unachokichukia huenda pambizoni mwake mna tarehe ya kufa kadhi au mipaka ya wakfu, isiyopatikana pengine popote.

Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui alianza Sahifa mwaka 1930 hapa Mombasa, na al-Islah mwaka 1932. Zilikuwa karatasi nyepesi za kusomwa na kupitishana. Lau watu hawakuziweka, tungalikuwa twamsifu sheikh tusiyejua alisema nini.

Wala isidhaniwe kuwa kilichotiwa mtandaoni kimesalimika milele. Mwezi wa Oktoba 2023 ile Maktaba ya Uingereza ilivamiwa na wezi wa mitandao, na huduma zake nyingi zikazimika kwa miezi. Sayyidna Uthman hakuridhika na msahafu mmoja Madina. Alinakilisha misahafu akaipeleka katika miji. Nasi tufanye hivyo: nakala nyumbani, nakala kwa ndugu aliye mbali, nakala katika maktaba.

Basi kazi ya juma hili kwa kila mwanadarasa ni moja. Afungue kasha la kwao kwa idhini ya wenyewe. Kila ukurasa aupige picha kwenye mwangaza wa mchana, pamoja na jalada na pambizo. Aandike kitabu ni cha nani, kimetoka kwa nani, na kimepigwa picha lini, kwani nakala isiyo na sanadi ni yatima. Asili airudishe kwa wenyewe, mahali pakavu. Asiuze wala asichome.

Kasha hizo ni amana. Tutaulizwa juu yake na watoto wetu, na kabla yao na Mola wetu.

Wabillahi ttawfiq.