Umeme Mdogo: Pima Kwanza, Stabilaiza Baadaye

Anayeishi mwisho wa laini haambiwi kwamba umeme umepungua. Ikifika saa moja jioni feni inazunguka kwa uvivu, friji inanguruma, inajaribu kuwaka, inakata, na pasi inamaliza taarifa ya habari nzima kwa shati moja. Huku kwetu pembezoni mwa Dar es Salaam nyumba zimeota haraka kuliko transfoma, na ukilalamika kila jirani ana dawa ile ile: nunua stabilaiza. Mimi nasema nunua kwanza kipimo.

Kipimo chenyewe si bisibisi ya tesita. Ile inakuambia umeme upo, basi. Inawaka hata kama kilichobaki ni volti 140. Kama hujazoea multimeta, madukani kuna vidude vidogo vya kuchomeka kwenye soketi vinavyoonyesha volti kwa namba. Ndicho ninachokitumia, maana soketi za matundu matatu zina vifuniko vya ndani vinavyofunguka mguu wa ethi ukiingia, na sitaki kumwona mtu akivichokoa kwa msumari.

Umeme wa nyumbani unatakiwa kuwa volti 230 hivi. Soma alfajiri watu wakiwa wamelala, soma adhuhuri, soma saa mbili usiku. Kwangu alfajiri ilikuwa 226, usiku 158. Tofauti kama hiyo ina maana wengi mnagawana kidogo, lakini usiishie hapo. Zima kila kitu ndani, soma namba, kisha washa birika la umeme na uisome tena hapo hapo. Ikishuka volti chache, sawa. Ikiporomoka ishirini na zaidi, sehemu ya ugonjwa iko kati ya soketi yako na nguzo.

Mara nyingi ni waya. Birika la wati 2,000 linavuta ampea 9 hivi. Ukilitumia kupitia mita 60 za waya wa alumini wa milimita 16 za mraba, unapoteza volti 2 tu. Hao wanaovuta umeme kwa jirani kwa waya wa shaba wa 1.5, ule wa kufungia taa, kwa umbali huo huo wanapoteza volti 13, na waya unapata moto.

Kwangu birika liliangusha volti 27 mchana kweupe. Nikaita fundi mwenye leseni, na hapa nasisitiza fundi, kwa sababu waya unaoingia kwenye meni swichi una umeme hata ukiizima. Alipofungua kifuniko tulikuta plastiki ya upande wa nyutro imegeuka kahawia, inanuka, na skrubu inazunguka kwa kidole. “Kaka, hapa ulikuwa unachemsha swichi, siyo chai,” akasema. Swichi ikabadilishwa, mchana ukatulia.

Usiku bado. Hapo sasa ni laini ya mtaa, na laini ya mtaa haitengenezwi na mtu mmoja. Tulipita kwa mjumbe, nyumba kadhaa tukaandika daftari moja: tarehe, saa, volti. Malalamiko ya mdomo yalikuwa yamezungushwa vya kutosha. Daftari liliwaleta mafundi na kipimo chao. Wakakuta fezi moja imebeba karibu mtaa mzima huku nyingine mbili zikipumua, wakatuhamisha baadhi yetu. Sasa saa mbili usiku nasoma 190 na kitu. Transfoma kubwa tunaisubiri.

Ndipo suala la stabilaiza linapokuja, na si kwa kila kifaa. Geuza chaja ya simu usome: nyingi zimeandikwa 100–240V. Televisheni nyingi za kisasa ni hivyo hivyo, ziache. Pasi na birika havidhuriki, vinachelewa tu. Kwa volti 160 birika la wati 2,000 linafanya kazi ya chini ya wati 1,000. Wa kuonewa huruma ni wenye mota: friji, pampu ya maji, kiyoyozi. Mota ikikosa nguvu ya kuanza inasimama ikinguruma huku ikivuta umeme mwingi, na koili zinaungua.

Friji yangu ina kilinzi kinachokata umeme ukishuka sana, na ukirudi kinasubiri dakika chache ili msukumo wa gesi utulie. Ukiongeza stabilaiza, soma inaanzia volti ngapi upande wa kuingia. Inayoanzia 180 haitamsaidia mwenye 158. Nunua pia yenye uwezo mkubwa kuliko friji, kwa kuwa kuwaka kwake kunavuta mara kadhaa ya kawaida. Na ujue haizalishi umeme: ili itoe wati 1,000 kutoka volti 160 inavuta ampea 6 na zaidi badala ya 4 na kidogo, kwa hiyo mtaa mzima ukinunua, laini inazidi kulegea.

Kuna hali moja isiyosubiri vipimo. Taa zikiwaka kali ghafla kupita kawaida, au nyingine zikawa kali na nyingine zikafifia, au namba ikapanda kuelekea 300, huenda nyutro imekatika. Zima meni swichi kwanza, ndipo upige simu ya dharura, halafu gonga kwa jirani naye azime.