Ujira wa Mkadiriaji Majenzi Pemba: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Usipange mshahara wako kwa takwimu za Marekani. Huko nusu ya wakadiriaji walipata zaidi ya dola 77,000 kwa mwaka 2024. Wewe uko Chake Chake. Anza na linalokuhusu: mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipandisha kima cha chini cha watumishi wake kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sakafu mwaka huo. Yafuatayo ndiyo yatakayokupandisha au kukuacha hapo hapo.

Jisajili. Bara wana bodi yao ya usajili kwa sheria ya mwaka 2010, na Zanzibar ina bodi yake. Shahada ya Chuo Kikuu Ardhi peke yake haitoshi. Asiyesajiliwa hupima, hukokotoa na kukesha, kisha saini hutia mwengine, na ada humfuata mwenye saini. Usiazime muhuri wa mtu. Ukishapata wako, usiuazimishe, hata kwa rafiki uliyesoma naye.

Ijue bei ya kuvusha bahari. Hapa ndipo wageni wanapoanguka, na hapa ndipo mkadiriaji wa Pemba anapostahili kulipwa zaidi. Bei ya mfuko wa saruji dukani Dar es Salaam si bei yake Konde. Kuna nauli ya chombo, gharama za bandari, wachukuzi wa kupakua, gari kutoka Mkoani kusini hadi Konde kaskazini, na mifuko inayopasuka njiani au kuganda ghalani wakati wa masika. Ukikosea shilingi 1,000 tu kwa mfuko, kwenye skuli ya mifuko 3,000 mkandarasi amepoteza milioni tatu. Hatakuita tena, na atawaambia wenzake. Yule ambaye namba zake hulingana na risiti hutafutwa, na akitaja ada yake habishaniwi sana.

Nenda kiwanjani kabla ya kuandika chochote. Ramani haikwambii kilichomo ardhini. Micheweni kuna maeneo ya mawe matupu, sululu hudunda. Kwengine kisiwani unachimba udongo siku nzima bila kugonga jiwe. Ukiweka bei moja ya kuchimba msingi kwa pahala pote pawili, umemwibia mmoja na kumfilisi mwengine. Kwenye miteremko hesabu na kuta za kuzuia udongo. Na mchanga usiuandike kana kwamba ni wa kujichotea: uchimbaji wake Zanzibar unataka kibali.

Usile cha juu cha mwenye duka la vifaa. Nasema hili kwa uchungu, maana limewaharibu vijana wazuri. Ukipokea bahasha ili uandike nondo nyingi kuliko zinazohitajika, anayelipa ni mzee aliyeuza karafuu zake kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali, apate kuezeka nyumba ya wanawe.

Kwa sababu hiyohiyo, kwenye nyumba ya mtu binafsi usidai ada kwa asilimia ya gharama. Kadiri nyumba inavyopanda bei ndivyo unavyonufaika, na mteja akishaligundua hilo hatakuamini tena. Taja kiasi kimoja, kisimame.

Jifunze programu za kompyuta za hesabu za majenzi. Hilo halina mjadala.

Usikubali neno "tutaelewana". Mteja ni shemeji yako aliyeko Maskati, anajenga Wete, mnaongea kila Ijumaa kwa WhatsApp? Andikianeni vilevile. Theluthi moja ya ada ipokewe kabla ya kwenda kupima, ya pili ukikabidhi makadirio, ya mwisho msingi ukishakaguliwa. Akiongeza chumba katikati ya kazi, ni kazi mpya na ada mpya. Mwandikie siku hiyohiyo, kabla fundi hajaanza kuchimba.