Masika na Njia ya Usambara: Maswali na Majibu kwa Msafiri Mwenye Watoto

Likizo fupi ya shule na sikukuu ya Pasaka aghalabu huangukia mwezi wa Aprili, na Aprili ndicho kilele cha masika. Kwa hiyo kila mwaka jamaa wengi wa Dar es Salaam wenye wazee wao Lushoto, Soni, Bumbuli na Mlalo hufunga mizigo, hupakia watoto garini, na kuelekea Milima ya Usambara katika majira yale yale ambayo mvua haina mpinzani. Maswali yao hufanana. Majibu yafuatayo yamekusudiwa wote, lakini hasa mzazi ashikaye usukani, ambaye nyuma yake wameketi viumbe wasio na sauti katika uamuzi wake.

Kwa nini mvua ya mlimani huzidi ya pwani, na kwa nini huja wakati huu?

Pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili za musimu: kaskazi, ivumayo tangu Desemba hata Machi, na kusi, ishikayo zamu yake tangu Aprili hata Septemba au zaidi. Kaskazi inapolegea na kusi inapoanza kuingia, ukanda wa mawingu ulifuatao jua katika mwendo wake wa kwenda kaskazini hupita juu ya nchi, na hapo ndipo tupatapo masika ya Machi, Aprili na Mei. Pepo zitokazo baharini, zikiwa zimesheheni mvuke, hukutana na Usambara kabla hazijaenda mbali barani, nazo hulazimika kupanda. Hewa ipandayo hupoa, na hewa iliyopoa haina tena uwezo wa kuuchukua mvuke iliokuja nao, basi huutua papo hapo. Ndiyo sababu Amani, katika Usambara Mashariki, hupata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, ilhali bonde la Mkomazi, lililo upande wa pili wa milima, ni nyika kavu ya miiba.

Msafiri ajifunze hapa jambo moja kubwa. Jua la Mombo si shahidi wa hali ya Lushoto. Maji yatakayokukuta barabarani yalinyesha mahali usipopaona, pengine saa kadhaa kabla hujafika.

Nina watoto wadogo. Je, niende wakati wa masika, au ningoje Juni?

Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ni ya lami, na mabasi huipanda masika na kiangazi. Safari hii, basi, haikukatazwa. Walakini asitokee mtu akaidharau. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba mvua za musimu ule, zilizotiwa nguvu na El Niño, zilikuwa zimekwisha kuua watu 155 nchini, na kuwadhuru watu zaidi ya 200,000 katika nyumba na mali zao.

Jambo la kwanza kulipima, kabla ya gari na kabla ya fedha, ni muda. Mtu anayelazimika kuwapo kazini Jumatatu asubuhi, naye Jumapili alasiri akakuta mto umepanda juu ya barabara, ndiye aghalabu aingiaye katika maji ambayo mwenziwe asiye na haraka angeyangoja yapungue. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: tia siku moja tupu katika kwenda, na siku nyingine tupu katika kurudi. Ukiwa nazo, nenda na watoto wako kwa amani. Ukiwa huna, ngoja Juni au Julai, wakati ambapo milima ni mikavu zaidi, ingawa baridi yake ni kali.

Tuondoke saa ngapi, na tupangeje vituo?

Ondokeni saa 12 asubuhi. Njia yenu ni Chalinze, Wami, Mkata, kisha Segera ambako barabara ya Tanga hukatia kulia, halafu Korogwe na Mombo. Jumla yake ni zaidi ya kilomita 300. Kwa mwendo wa adabu, pamoja na kituo cha chai na kingine cha watoto kujinyoosha, mtafika Mombo adhuhuri au baada yake kidogo, na mwanga wa kutosha ukiwa bado mbele yenu. Ikiwa saa 10 alasiri imewakuta Mombo na mvua ingali inanyesha, laleni hapo hapo, au rudini Korogwe mkalale. Siku ile tupu niliyoitaja iliwekwa kwa ajili ya usiku kama huo.

Jioni ya kuamkia safari, sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo iionapo hatari hutoa angalizo au tahadhari na kuitaja mikoa ihusikayo. Mkoa wa Tanga ukitajwa, ahirisheni. Kisha pigeni simu Soni au Lushoto. Utabiri ulio sahihi kabisa hauwezi kumwambia mtu kwamba mti umelala barabarani tangu alfajiri, lakini jamaa aliyepita hapo akienda sokoni anajua.

Gari likaguliwe wapi na wapi?

Anzeni na tairi. Mifereji iliyochongwa juu ya tairi ndiyo iyatoayo maji kati ya mpira na lami. Ikiisha, maji hukosa pa kwenda, gari likaelea juu ya utando mwembamba, na usukani ukawa mwepesi mkononi kana kwamba haukufungwa na kitu. Nchi nyingi huharamisha tairi lenye mifereji ya kina cha chini ya milimita 1.6, lakini kwa masika usikubali pungufu ya milimita 3. Ikiwa gari limeelea, usikanyage breki wala usizungushe usukani kwa ghafula: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, na uache mwendo upungue wenyewe. Zaidi ya hayo, acha kati yako na gari la mbele nafasi iliyo mara mbili ya ile ya siku kavu.

Kisha angalieni breki, taa zote, na waipa za kioo. Katika buti tieni kamba ya kuvutia gari, jeki pamoja na ubao wa kuiwekea juu ya tope, jembe, tochi, pembetatu za kuwaonya wengine, mablanketi, maji ya kunywa, na chakula cha watoto cha kutosha usiku mmoja. Msirundike mizigo juu ya paa, kwani gari lililolemewa juu huyumba konani.

Tukikuta maji yanapita juu ya barabara, tutajuaje kama yanavukika?

Hamtajua, na kwa hiyo msivuke. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 yaweza kuliinua gari dogo. Na sentimita 60 hulichukua hata gari kubwa. Aidha, maji machafu huficha lililo chini yake: pengine lami imekwisha kuchukuliwa, au kalvati limebomoka, na dereva akadhani anavuka barabara ilhali anaingia shimoni.

Msidanganyike na basi lililotangulia kupita. Basi ni zito, ni refu, na lilipita kabla yenu, wakati maji huenda yalikuwa madogo zaidi. Vijito vya mlimani hupanda upesi na hushuka upesi. Aghalabu saa chache za kungoja hutosha. Liegesheni gari mahali palipoinuka, mbali na kingo za mto, watoto wasikaribie maji, na wapeni kile chakula mlichokiweka. Na ikiwa bahati mbaya maji yamelizunguka gari na kuzidi kupanda, acheni kila kitu, bebeni watoto, mwende pa juu. Mali hutafutwa tena.

Je, ule mpando wa Mombo hadi Lushoto una hatari gani?

Mombo iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 400, na Lushoto mita zipatazo 1,400. Mnapanda, basi, mita 1,000 katika kilomita zipatazo 33, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Pigeni honi kabla ya kila kona isiyoonyesha mbele, na mkikutana na gari lingine mahali pembamba, mwenye kushuka ampishe mwenye kupanda. Ukungu ukifunga, washeni taa zinazomulika chini, kwani taa kali hugonga ukungu na kumrudishia dereva weupe machoni.

Kushuka ndiko kugumu kuliko kupanda. Shukeni kwa gia ile ile ambayo ingehitajika kuupandia mteremko huo, yaani ya pili, na pengine ya kwanza. Gari lenye kujibadilisha gia lenyewe huwa na alama ya 2 au L kwa kazi hiyo. Dereva ashukaye kwa breki tupu huzitia joto hata zikapoteza nguvu, na dalili yake ni harufu ya kuungua. Mkiisikia, simameni mahali salama hata zipoe.

Kwa nini udongo huporomoka, na tutazitambuaje dalili zake?

Udongo wa Usambara ni mzito na wenye kina, nayo miteremko ni mikali na imelimwa karibu yote, kwa kuwa watu ni wengi na ardhi ni chache. Mizizi ya miti ndiyo iliyoufunga udongo huo. Msitu ukikatwa, maji huingia, uzito huongezeka, na siku moja upande wa mlima hushuka. Jambo hili liliwashughulisha wengi tangu zamani: Waingereza walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo mwaka 1946, uliopingwa vikali na Washambaa kwa sababu uliwajia kwa amri na kazi nyingi, na katika miaka ya 1980 mradi mwingine ulirudi Lushoto kwa njia ya kupanda miti na majani ya kukinga matuta.

Ninyi mpitao njiani, angalieni haya: nyufa mpya ardhini au kwenye lami, miti au nguzo zilizoinama upande mmoja, vijiwe vinavyodondoka, kijito kilichogeuka kuwa tope kwa ghafula, na mngurumo usio wa radi. Msiegeshe gari chini ya ukingo uliochongwa, hata kama watoto wanaomba kushuka. Na mkikuta kifusi kimeziba njia, msijaribu kukipanda, kwa kuwa kilichoshuka mara moja chaweza kushuka tena.

Watoto watunzwe vipi?

Kona huwaletea kichefuchefu. Wapeni chakula chepesi kabla ya Mombo, waketi wakitazama mbele, wasisome wala kuchezea simu, na dirisha lifunguliwe kidogo. Tangawizi huwafaa wengi. Wavisheni sweta Mombo, kabla ya mpando, kwa maana joto hupungua nyuzi zipatazo 6 kwa kila mita 1,000, na mtoto aliyelowa hupata baridi upesi. Usiku wa bondeni watiwe katika chandarua, kwani madimbwi ya masika huzaa mbu. Na huko juu, ambako malaria ni haba, isidhaniwe kwamba haipo kabisa. Homa ikitokea, mpelekeni mtoto akapimwe bila kungoja kesho.

Kuna nini cha kuwaonyesha huko, ikiwa kila siku ni mvua?

Kuna milima iliyo hai, na hakuna majira yaionyeshayo uhai huo kama masika. Maporomoko ya Soni, yaliyo karibu na barabara, hujaa na kunguruma. Msitu wa Magamba hudondoka maji kutoka jani hadi jani, na mtoto wa mjini afunguaye bomba bila kufikiri huona kwa macho yake mahali ambapo maji huanzia. Katika milima hii hii, mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alitwaa ua dogo la zambarau liotalo juu ya miamba ya kivulini, akalipeleka kwao. Leo laoteshwa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, nalo ni mwana wa unyevu huu huu tunaoulalamikia.

Irente ni pazuri siku iliyotakata, na genge lake ni refu mno. Nyasi zikiwa zimelowa, kila mtoto ashikwe mkono, na ukungu ukiwapo msiende. Njia za udongo za kwenda Mlalo na Mtae ziacheni hata zikauke, kwani utelezi wa udongo mwekundu humshinda hata dereva mwenyeji.

Ni wakati gani inanipasa kugeuza gari na kurudi?

Amueni kabla ya kuondoka nyumbani, wakati akili imetulia na hakuna atazamaye saa. Andikeni masharti yenu matatu au manne: maji juu ya barabara, kifusi njiani, ukungu usioonyesha kona ya mbele, giza kabla ya kumaliza mpando. Lolote katika hayo likitokea, mjadala umekwisha: mnangoja au mnarudi. Mpeni mama, au mtu mzima mwingine garini, haki kamili ya kusema "basi", na dereva atii bila kuona kwamba heshima yake imepunguzwa.

Kisha waambieni wazee mapema kwamba mtafika Ijumaa au Jumamosi, kadiri mvua itakavyoruhusu. Bibi aliyeambiwa hivyo hatakesha mlangoni wala hatapiga simu kuharakisha. Na dereva asiyeharakishwa na mtu ana nafasi kubwa kuliko wote ya kuwafikisha wajukuu salama.